Maisha ya Tabibu Hulusi Behçet na Maradhi ya Macho Yaliyoitwa kwa Jina Lake

Tukitajiwa matabibu waliotokana na mataifa ya Kiislamu, wengi wetu huwakumbuka Al-Razi na Ibn Sina, kisha tukanyamaza, kana kwamba baada ya hao mlango ulifungwa. Hao ni watu wakubwa, na kuwakumbuka ni haki yao. Lakini elimu ni kama shamba: babu huliacha, na mjukuu asipolilima halimpi kitu. Basi yatupasa kuwajua pia wale waliolima karibu na zama zetu. Leo twataka kumweleza mmoja wao, tabibu wa Kituruki aitwaye Hulusi Behçet, ambaye kwa matamshi ya Kiarabu ni Khulusi Bahjat. Jina lake latajwa katika hospitali za dunia nzima, kwani limekuwa ni jina la maradhi. Na maradhi hayo ni katika yale yanayowapofua vijana.

Tumemkhitari yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa watu wetu hulidharau jicho jekundu. Huliona kuwa ni vumbi, au upepo, au maradhi ya kuambukizana yatakayopita baada ya siku chache. Mara nyingi huwa ni hivyo kweli. Lakini liko jicho jekundu ambalo moto wake uko ndani, na moto huo ukiachwa huondoka na nuru ya mtu. Ya pili ni kuwa katika khabari ya mtu huyu mna mafunzo juu ya dhana. Wagonjwa wake walidhaniwa kuwa na maradhi ya aibu, na yeye, aliyeyajua maradhi hayo ya aibu kuliko wengine, ndiye aliyewaondolea dhana ile kwa elimu.

Kuzaliwa kwake na kusoma kwake

Hulusi alizaliwa mjini Istanbul tarehe 20 Februari 1889, katika zama za Sultani Abdulhamid wa Pili. Baba yake, Ahmet Behçet, alikuwa mtu wa biashara. Mama yake alifariki naye angali mdogo, akalelewa na nyanya yake. Kwa ajili ya shughuli za baba yake alikaa Damaski katika nchi ya Sham, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na huko ndiko alikosoma masomo yake ya kwanza. Alijifunza Kifaransa, Kijerumani na Kilatini, na lugha hizo zilimfaa sana baadaye, kwani elimu ya utabibu ya zama zile ilikuwa ikiandikwa zaidi kwa lugha za Ulaya, na asiyezijua alikuwa akingoja wengine wamsomee.

Aliingia katika chuo cha utabibu cha jeshi angali kijana mdogo, akatoka kwa kufuzu mwaka 1910, umri wake miaka 21. Baada ya hapo alikaa katika hospitali ya jeshi ya Gülhane, akijifunza fani ya maradhi ya ngozi na maradhi ya zinaa, mpaka mwaka 1914. Msomaji na aizingatie fani hiyo aliyoikhitari. Si fani anayoikimbilia mtu atakaye kusifiwa katika mabaraza, kwani wagonjwa wake huja wakijificha, wala hawapendi kumtaja aliyewaponya. Lakini ndiyo fani iliyomfungulia mlango wa jambo lililomtukuza.

Ulipofika mwaka 1914 vilizuka Vita Vikuu vya Kwanza, naye akapelekwa katika hospitali ya jeshi ya Kırklareli, kisha ya Edirne, akatibu huko mpaka vita vilipokwisha mwaka 1918. Mtu mwingine angaliona kuwa ameshatosheka na ujuzi. Yeye alisafiri kwenda Budapest, kisha Berlin, katika hospitali kubwa ya Charité, akakaa na mabingwa wa fani yake na kuangalia kazi zao. Mwaka 1919 alirejea kwao, na Istanbul wakati huo imo mikononi mwa majeshi ya kigeni.

Kazi zake

Mwaka 1923 alifanywa tabibu mkuu wa hospitali ya maradhi ya zinaa iliyokuwa mtaa wa Hasköy, mjini Istanbul. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Refika Davaz, wakajaaliwa mtoto wa kike. Baadaye alihamia katika hospitali ya Guraba. Hospitali hiyo ni wakfu wa Bezmialem, mama wa Sultani Abdulmecid, uliofunguliwa mwaka 1845 kwa ajili ya Waislamu maskini na wageni wasiokuwa na jamaa. Twaitaja khabari hii kwa kuwa sisi watu wa pwani twaijua sana wakfu wa misikiti na wa visima; na hapa pana mfano wa wakfu uliojenga nyumba ya kutibia, ukadumu ukiwafaa watu baada ya aliyeuweka kufa.

Mwaka 1933 chuo kikuu cha Istanbul kilipangwa upya, na Hulusi akawa profesa, akaanzisha idara ya maradhi ya ngozi. Mwaka wa pili yake alianzisha jarida la fani hiyo. Mwaka huo wa 1934 ndio ilipotolewa sheria ya kila Mturuki kuwa na jina la ukoo, naye akalichukua jina la baba yake, Behçet, lenye maana ya furaha na uzuri. Hakujua kuwa jina hilo la furaha litakuja kuitwa maradhi.

Alikuwa mtu wa kuandika. Katika uhai wake alitoa makala zaidi ya 100, nyingine kwa Kituruki na nyingine kwa lugha za Ulaya. Aliandika sana juu ya kaswende, ambayo wazee wetu huiita sekeneke. Aliandika juu ya kidonda kinachotokana na kuumwa na usubi katika nchi za Mashariki, akaeleza kuwa gamba lake likibanduliwa huonekana chini yake vijiti kama misumari, na alama hiyo humsaidia tabibu kukijua. Aliandika pia juu ya ngozi inavyoungua kwa utomvu wa mtini. Mambo yote haya ni madogo kwa asiyejua, lakini yaonyesha tabia ya mtu: alikuwa haliachi jambo mpaka aliangalie kwa macho yake.

Wagonjwa watatu

Kiasi cha mwaka 1924 au 1925 alimjia mgonjwa mwanamume ambaye alikuwa ameteseka kwa miaka mingi. Alikuwa akitokwa na vidonda kinywani, na vidonda katika sehemu za siri, na macho yake yakiwaka moto mara kwa mara. Kila kimoja katika hivyo hupoa, kisha hurudi. Alikuwa amekwisha kuonwa na matabibu wa Istanbul, akaonwa na wa Vienna. Baadhi yao walidhani ni kaswende, wengine wakadhani ni kifua kikuu, na wale wa Vienna wakaona labda ni kijidudu kisichojulikana. Matabibu wa macho wao waliliangalia jicho peke yake. Walimpasua zaidi ya mara moja, wakikata sehemu ya ule utando wenye rangi unaoizunguka mboni. Haikufaa kitu. Mgonjwa yule alipofuka kabisa, naye Behçet akawa anaendelea kumwangalia miaka na miaka, ilhali hana dawa ya kumpa.

Mwaka 1930 alimjia mwanamke mwenye mambo yale yale: kinywa, sehemu za siri, na jicho. Behçet alimchunguza mpaka mwaka 1932. Alichukua vipande vya vidonda vyake akavitazama kwa darubini, akatafuta kaswende, akatafuta kifua kikuu, akatafuta kuvu. Hakupata hata kimoja. Mgonjwa huyu alionwa pia na Josef Igersheimer, bingwa wa macho wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Igersheimer alikuwa miongoni mwa wanazuoni waliofukuzwa kwao na utawala wa Hitler wakapewa kazi katika chuo kikuu cha Istanbul tangu mwaka 1933. Twaona hapa namna elimu inavyofuata mahali inapokaribishwa.

Kisha mwaka 1936 akaja mgonjwa wa tatu, mwanamume, ambaye aliletwa kutoka kwa matabibu wa meno kwa ajili ya vidonda vya kinywa. Behçet akamvua nguo akamwangalia mwili mzima. Akaona vipele mgongoni, akaona kidonda katika sehemu za siri, na macho yamewaka. Na mgonjwa akaeleza kuwa hupatwa na homa jioni na maumivu ya tumbo.

Hapo ndipo alipokata shauri. Watu watatu wasiojuana, katika miaka zaidi ya kumi, wana alama zile zile zinazokuja pamoja na kurudi pamoja. Alisema kuwa haya si maradhi matatu yaliyomkusanyikia mtu mmoja, wala si kaswende, wala si kifua kikuu. Ni maradhi mamoja yenye milango mitatu. Mwaka 1937 aliandika hayo kwa Kijerumani katika jarida la matabibu wa ngozi, na mwaka 1938 akarudi kuandika kwa urefu zaidi.

Na uzito wa neno lake ulitokana na fani yake. Kijana mwenye kidonda katika sehemu za siri, katika mji wowote ule, hunyoshewa kidole. Jamaa zake humdhania zinaa, na mkewe humdhania khiyana. Na dawa za kaswende za zama zile zilikuwa ni za zebaki na arseniki, ambazo ni sumu, na asiyekuwa na ugonjwa ule alizinywa sumu bure. Lau mwenye kusema kuwa hii si kaswende angalikuwa tabibu wa meno, pengine asingalisikizwa. Lakini aliyesema ni mtu aliyekuwa mkuu wa hospitali ya maradhi ya zinaa, aliyeishi na kaswende tangu ujana wake. Ushahidi wa mjuzi uliwatoa watu wasio na hatia katika tuhuma.

Kukubaliwa kwake

Matabibu wengi hawakumkubali mara moja. Walisema kuwa ni mchanganyiko wa maradhi yaliyokwisha kujulikana. Waliotangulia kumkubali walikuwa matabibu wa macho, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiona vijana wakipofuka mbele yao bila ya sababu kujulikana. Kisha khabari zikaanza kuja kutoka Ubelgiji, Austria, Marekani, Japani na Uswisi, kila mmoja akisema kuwa naye ana mgonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1947, katika mkutano wa matabibu wa ngozi mjini Geneva, profesa Miescher wa Zurich alitoa rai kuwa maradhi hayo yaitwe kwa jina la Behçet, na jina likathibiti.

Uadilifu wataka tuseme kuwa yeye hakuwa wa kwanza kuziona alama hizi. Katika maandiko ya Hippocrates, tabibu wa Kiyunani wa kale, mna maelezo yanayofanana nazo. Na mwaka 1930 tabibu wa macho wa Kigiriki, Benediktos Adamantiades, alimweleza mbele ya matabibu wa Athens kijana mwenye alama hizi hizi, na mwaka 1931 akaandika. Kwa hivyo wako wanaoyaita maradhi haya kwa majina yao wawili, na hilo ni haki. Kadhalika twasema kuwa Behçet hakuipata sababu ya maradhi. Alidhani kuwa ni kijidudu kidogo mno cha namna ya virusi, na kuwa pengine mlango wake ni meno mabovu. Hilo halikuthibiti. Lakini aliyekuonyesha nyumba inayoungua amekufaa, hata kama hakujua ni nani aliyeutia moto.

Maradhi yenyewe

Haya tutakayoyataja ni yale yaliyothibiti kwa matabibu baada yake.

Mwili una askari wake, nao ni chembechembe nyeupe za damu. Kiungo kikiingiliwa na vijidudu, askari hao hukikimbilia, nacho huwa chekundu, kikavimba, kikawa na moto na maumivu. Hali hiyo hapa tutaiita mwako. Mwako ni rehema ukija kwa sababu na ukaondoka kazi yake ikiisha. Katika maradhi ya Behçet mwako huja bila ya adui aliyeonekana, na mahali pake ni mishipa ya damu, mikubwa na midogo. Na kwa kuwa mishipa imo mwili mzima, maradhi haya huonekana kinywani, katika ngozi, katika viungo, katika tumbo, na mara nyingine katika ubongo na mishipa mikubwa, ambapo huwa ni khatari kwa uhai.

Ama jicho, lina tabaka tatu, na tabaka ya kati ndiyo yenye mishipa mingi. Ukiwaka upande wa mbele, jicho huwa jekundu, huuma, na mwanga hulitesa. Mara nyingine chembe nyeupe hukusanyika nyuma ya kioo cha jicho zikatuama chini, ukaona mstari mweupe kama usaha uliokaa katika bilauri. Alama hii ndiyo iliyowashangaza matabibu wa zamani. Ukiwaka upande wa nyuma, jambo ni zito zaidi. Huko ndiko uliko utando unaopokea nuru, na mishipa yake ikiziba utando hufa kwa kukosa damu. Na kilichokufa huko hakirudi. Mwako wa nyuma unaweza kuja jicho lisiwe jekundu hata kidogo, mgonjwa akaona ukungu tu, au vidoa vyeusi vinavyoelea.

Ubaya wa maradhi haya ni kuwa hupoa yenyewe. Siku kadhaa au wiki kadhaa zikipita jicho hutulia, mgonjwa akafurahi akadhani amepona, kisha hurudi. Na kila mara huacha kovu, mpaka makovu yakijaa nuru huisha. Zamani wengi waliopatwa machoni walipofuka katika miaka michache.

Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 20 mpaka 40, na kwa wanaume vijana jicho huwa katika khatari kubwa zaidi. Hayaambukizi, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala pamoja. Huonekana zaidi katika nchi zilizo juu ya ile njia ya zamani ya biashara ya hariri, tangu bahari ya Mediterania, kupita Uturuki, Iraki na Irani, mpaka China na Japani, na Uturuki ndiyo inayojulikana kuwa na wagonjwa wengi zaidi kwa hesabu ya watu wake. Mwaka 1973 matabibu wa Japani walipata kuwa wengi wa wagonjwa wana alama fulani ya urithi katika damu, ambayo kwa upambanuzi wa leo huitwa HLA-B51. Lakini wengi wenye alama hiyo huishi umri wao wote bila ya kuugua. Hapana kipimo kimoja cha damu kinachoyathibitisha maradhi haya. Mpaka leo tabibu huyajua kwa njia ile ile ya Behçet, yaani kwa kuuliza na kukusanya alama. Kanuni iliyowekwa na matabibu wa nchi mbali mbali mwaka 1990 ni vidonda vya kinywa vinavyorudi si chini ya mara tatu katika mwaka, pamoja na alama mbili nyingine, kama vidonda vya sehemu za siri, mwako wa jicho, vipele vya ngozi, au kipele kinachotokea mahali palipochomwa sindano baada ya siku moja au mbili.

Kufa kwake

Katika miaka yake ya mwisho Behçet alisumbuliwa na kukosa usingizi na maradhi ya moyo. Alikufa ghafula kwa moyo mjini Istanbul tarehe 8 Machi 1948, umri wake miaka 59. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, huko Marekani, mgonjwa wa viungo alipewa kwa mara ya kwanza dawa iitwayo kotisoni, ambayo ndiyo dawa ya kwanza yenye nguvu ya kuuzima mwako. Kwa hivyo mtu huyu aliyeutambua moto alikufa miezi sita tu kabla ya maji ya kuuzimia kupatikana. Baraza la elimu la Uturuki lilimtunukia heshima yake mwaka 1975, naye amekwisha kufa miaka 27.

Dawa zilizopatikana baada yake

Leo mwako wa mbele ya jicho hutibiwa kwa matone ya dawa za jamii ya kotisoni, pamoja na matone ya kuipanua mboni ili utando wake usigande. Mwako wa nyuma hautoshelezwi na matone. Wataka dawa zinazoingia mwilini. Kotisoni huuzima haraka, lakini haifai kutegemewa peke yake kwa miaka, kwani hudhoofisha mifupa, huzidisha sukari katika damu, na huleta mtoto wa jicho na presha ya jicho. Basi matabibu walitafuta dawa za kuutuliza mwili kwa muda mrefu. Mwaka 1990, matabibu wa mji ule ule wa Istanbul walitoa khabari ya majaribio waliyoyafanya kwa wanaume 73 katika muda wa miaka miwili, wakathibitisha kuwa dawa iitwayo azathioprini huyalinda macho. Na tangu mwanzo wa karne hii zimetumika dawa za sindano, kama infliximabu na adalimumabu, ambazo hukizuia kitu kimoja katika damu kinachouchochea mwako, nazo zimeokoa macho ya wengi ambao zamani wangalipofuka. Dawa hizi zina masharti: kabla ya kuanzwa, mtu hupimwa kifua kikuu, kwa sababu zaweza kukiamsha kile kilicholala mwilini bila ya mwenyewe kujua.

Mafunzo tunayoyapata

Sisi si matabibu, wala hatukuandika haya ili mtu ajitibu kwa gazeti. Twataka watu wetu wapambanue. Maradhi ya Behçet ni machache, lakini mwako wa ndani ya jicho una sababu nyingine nyingi, zikiwamo kifua kikuu, kaswende na vijidudu mbali mbali, na zote hizo tabibu huzitafuta. Jicho jekundu lenye tongo na kuwasha, lisiloharibu kuona, kwa kawaida ni la juu juu. Ama jicho linaloumia kwa ndani, linalochukia mwanga, linaloona ukungu, au linalopoa na kurudi, hilo lataka tabibu wa macho siku hiyo hiyo. Na mwenye macho ya namna hiyo asione haya kumweleza tabibu juu ya vidonda vya kinywa na vya sehemu za siri, kwani kulificha moja katika hayo ni kumnyang'anya tabibu nusu ya ushahidi.

Wako wanaotia jichoni maziwa ya mama, au asali, au maji ya majani, siku zikapita na nuru ikipungua. Wako pia wanaonunua matone ya kotisoni dukani bila ya kuandikiwa, au kuazima ya jirani. Jicho likiwa na kidonda cha vijidudu, matone hayo hukinenepesha kidonda. Na hata pasipo kidonda, yakitumiwa muda mrefu bila ya kuangaliwa, huleta presha inayoua jicho kimya kimya. Wako wanaoacha dawa maumivu yakiondoka. Maumivu kuondoka si dalili kuwa mwako umekwisha, na dawa za kotisoni zikiachwa ghafula huleta madhara mengine.

Mafunzo ya mwisho ni ya dhana. Kijana akitokwa na vidonda katika mahali pa siri, ulimi wa mtaa humhukumu kabla ya tabibu kumwona. Kwa sababu ya ulimi huo wengi hujificha, na mwenye kujificha huchelewa kutibiwa, na mwenye kuchelewa hupofuka. Basi anayeeneza tuhuma ana fungu lake katika upofu wa ndugu yake, na dini yetu imetukataza dhana mbaya kabla ya elimu ya utabibu kutuonyesha madhara yake. Hulusi Behçet aliishi na maradhi ya zinaa kazini kwake kila siku, na watu wa kumjia walikuwa ni wale wale wanaotuhumiwa. Alikuwa na kila sababu ya kudhani. Hakudhani. Aliuliza, akaangalia, akangoja zaidi ya miaka kumi, kisha akasema.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atulindie nuru ya macho yetu na ya nyoyo zetu.